Ukienda Kilwa, Uliza Mara Mbili

Mgeni akishuka nchini kwetu huonyeshwa vitu vitatu: mlima, wanyama na bahari. Picha zake zimejaa kila mahali, kuanzia kalenda za ukutani hadi pakiti za kahawa. Bahari ndiyo hupendwa zaidi. Mwambao wetu una kilomita zipatazo 1,400, mchanga mweupe, minazi iliyoinama kama inachungulia maji, majahazi yakirudi jioni. Nani asiyependa? Hata mimi napenda. Lakini nyuma ya minazi hiyo kuna miji ya kale, na miji hiyo nayo hutazamwa kama minazi inavyotazamwa. Mtu anapita, anasema "aisee, pazuri hapa," anapiga picha, anaondoka.

Na si wazungu peke yao. Sisi vijana wenyewe, tuliokariri majina ya miji hii darasani ili tufaulu mtihani, tukifika huko hatujui tutazame nini. Tunatazama bahari.

Katika makala hii nataka tuitembelee Kilwa kwa namna nyingine. Nasema hivi: kila anayekwenda kutembelea mji wa kale wa pwani aulize maswali mawili. La kwanza, nani aliujenga? La pili, nani aliulipia? Swali la kwanza litampa fahari. La pili litamkosesha usingizi. Anayeuliza moja tu amerudi na nusu ya safari.

KILWA ZIKO TATU

Kwanza tujue tunakwenda wapi, maana Kilwa si moja. Ipo Kilwa Masoko, mji wa sasa, wenye ofisi za wilaya, soko na stendi ya mabasi. Ipo Kilwa Kivinje, kaskazini yake, mji uliotamba katika karne ya 19. Na ipo Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya mkono wa bahari kutoka Masoko. Hiyo ndiyo Kilwa mama.

Ukitokea Dar es Salaam unashuka kusini zaidi ya kilomita 300. Zamani, kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yakikolea watu wa kusini walikuwa kama wako nchi nyingine kabisa. Siku hizi barabara ni ya lami. Ukifika Masoko unachukua kibali kwanza, kisha unatafuta mashua. Kuvuka ni muda mfupi tu, upepo ukiwa mzuri.

Unaposogea, cha kwanza kukukaribisha ni Gereza, ngome iliyosimama karibu na maji. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505, na hii unayoiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa baadaye, waliojenga juu ya mabaki. Angalia basi: kabla hujakanyaga mchanga umeshapokewa na wageni wawili waliokuja kutawala. Ndiyo maana watu wengi hushuka kwenye mashua wakiwa tayari na jibu la swali la kwanza: "Hapa walijenga wageni." Subiri kidogo.

NANI ALIJENGA?

Ipo hadithi ya zamani katika tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa katika karne ya 16. Inasema alikuja mwana wa mfalme kutoka Shirazi, Ali bin al-Husayn, akamkuta mwenyeji anayemiliki kisiwa. Akakinunua kwa nguo, nguo nyingi za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Mwenyeji akachukua nguo zake akahamia bara. Wakati ule maji yakitoka mtu aliweza kuvuka kwa miguu, na mwenyeji alikusudia kurudi kumpiga mgeni. Mgeni akawahi, akachimba kile kivuko, bahari ikajaa, na kisiwa kikawa kisiwa moja kwa moja.

Hadithi tamu. Lakini isikilize vizuri. Yenyewe inakiri kwamba mgeni alimkuta mtu. Tena mtu mwenye mali ya kuuza, na mwenye akili ya kupanga kurudi.

Wachimbuaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Neville Chittick, walianza kazi kubwa kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1950. Chini kabisa ya majumba ya mawe walikuta makazi ya zamani zaidi: nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, dalili za ufuaji wa chuma. Yaani mji wa mawe ulikua kutoka katika kijiji cha wavuvi, wafinyanzi na wafua chuma. Haukushuka kutoka jahazini.

Mwaka 2023 wanasayansi walitoa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu wapatao 80 wa miji ya kale ya mwambao. Matokeo yalinyamazisha ubishi wa pande zote mbili. Wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika kwa nusu au zaidi, na hiyo ilitoka hasa kwa upande wa akina mama. Upande wa akina baba wengi walionyesha asili ya Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo wazee waliosema "tulitoka Shirazi" hawakuwa waongo, na wanaosema "huu ni mji wa Waafrika" nao hawakukosea. Baba alikuja na jahazi, mama alikuwa nyumbani kwake. Na mtoto alizungumza lugha ya mama, ndiyo hii ninayokuandikia.

Nilimuuliza mzee mmoja mwenye mashua habari hii. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwambia, "Mzee, hivi haya majumba ni ya nani?"

"Wanasema ya Washirazi, mwanangu."

"Na ninyi je?"

"Sisi wa hapa hapa." Akageuza tanga. "Lakini waliozikwa mle ndio babu zetu. Sasa wewe fanya hesabu."

Tuache damu, tutazame mikono. Hebu ingia Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya zamani ilianza karibu na karne ya 11, ikaongezwa sana mwanzoni mwa karne ya 14, kisha ikajengwa upya katika karne ya 15. Utakuta nguzo, matao na kuba. Vyote ni mawe ya matumbawe. Mafundi walikuwa na siri mbili. Kwa kuta walitumia jiwe la nchi kavu, gumu. Kwa nakshi, fremu za milango na kibula walichukua tumbawe bichi kutoka baharini, ambalo likiwa na maji hukatika kwa urahisi na likikauka huwa gumu. Chokaa waliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, hairefuki kwa kuombwa. Ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni vyembamba na virefu. Fundi aliyeezeka msikiti kwa kuba alikuwa anaushinda mti wa mkoko. Hiyo ni hesabu, na hesabu hiyo ilifanywa hapa.

Tembea tena hadi Husuni Kubwa, jumba la mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya genge linalotazama bahari. Lina vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane. Linahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyefua pia sarafu za shaba zenye jina lake. Masultani wa Kilwa walikuwa na mtindo wa kuandika sarafu kwa vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili sifa ya Mungu inayolingana nalo kwa sauti. Watu waliotia ushairi hata katika hela ya kununulia samaki! Sarafu moja ya sultani huyo ilipatikana Zimbabwe Kuu. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Wanahistoria wanaendelea kuvutana.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331 akausifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema. Mtu aliyekwisha kuona Kairo na Damasko!

Naam, hiyo ndiyo fahari. Kijana wa Kitanzania akisimama mle na asivimbe kifua, basi sijui. Lakini usitoke bado. Swali la pili halijaulizwa.

NANI ALILIPA?

Jumba la vyumba 100 halijengwi kwa samaki. Utajiri wa Kilwa ulitoka mbali. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za Zimbabwe, ikabebwa hadi Sofala, Msumbiji ya leo, na Kilwa ilishika mlango wa Sofala. Pembe za ndovu zilitoka bara. Majahazi ya kaskazi yalileta nguo, shanga na vyombo vya kauri kutoka Uajemi, India na hata China, yakaondoka na mali kwa kusi. Kilwa ilikaa katikati ikatoza ushuru.

Hadi hapo hakuna ubaya, biashara ni biashara. Lakini rudi kwa Ibn Battuta yule yule. Anatusimulia kwamba Sultani al-Hasan alikuwa mkarimu mno, hata akaitwa Abu al-Mawahib, Baba wa Zawadi. Siku moja fakiri alimwomba nguo alizovaa. Sultani akampa pale pale. Watu wakashangilia. Mwanawe akazirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ukarimu. Nami nakuomba ukisome upya ukiwa upande wa wale 20. Walikuwa nani? Waliitwaje? Ibn Battuta anasema sultani huyo huyo alizoea kwenda kuwavamia watu wa bara na kurudi na ngawira. Basi tunajua angalau njia waliyopitia. Zawadi ilitolewa na mmoja, ikalipwa na wengine.

Halafu wakaja wenye mizinga. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi kwa Ureno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alishusha askari wake, wakateka mji wakaupora, wakajenga ngome. Mwaka 1512 wakaiacha wakaenda zao. Hapo mtoza ushuru naye alionja kutozwa. Dhahabu ya Sofala ilikuwa imepita mikononi mwa Wareno, na mji uliokula kwa kushika mlango ukabaki bila mlango.

Kilwa ilipoinuka tena katika karne ya 18, haikuinuka kwa dhahabu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia sahihi mkataba na mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeitwa Morice. Wafaransa walihitaji watu wa kufanya kazi katika mashamba ya visiwa vyao, Mauritius na Réunion ya leo. Masharti yalikuwa hivi: Kilwa impe Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 za fedha kila mmoja, na sultani apate zawadi yake ya piasta 2 kwa kila kichwa. Muda wa mkataba: miaka 100.

Zidisha mwenyewe. Elfu moja mara mia moja ni watu laki moja. Kwenye karatasi moja! Watu ambao wengine wazazi wao walikuwa hawajazaliwa, na tayari wana bei. Mkataba wenyewe haukufika mbali, kwani katika miaka ya 1780 Waomani waliitwaa Kilwa. Lakini biashara haikufa. Ilihamia bara, Kilwa Kivinje, na katika karne ya 19 Kivinje ikawa bandari kubwa ya kupitishia mateka kutoka nchi za ziwa Nyasa kwenda Unguja. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi chini ya shinikizo la Waingereza.

Wapo watakaosema, "Ah, hayo ni ya Waarabu na wazungu." Wamo ndani, hakuna anayekataa. Lakini mnunuzi hawezi kununua pasipo muuzaji, na msafara haukujiongoza wenyewe porini. Walikuwapo machifu waliouza, walikuwapo watu wa pwani waliopokea, walikuwapo wapagazi waliobeba pembe huku wakiwatazama waliofungwa minyororo. Tukijivunia kuba kuwa ni kazi ya mababu zetu, hatuwezi kuigeuza karatasi ya 1776 kuwa kazi ya majirani.

MWEMBE WA KIVINJE

Mwisho wa ziara yetu ni Kivinje yenyewe, ambako watalii wachache hufika. Mji wa nyumba kongwe, milango ya nakshi, kuta zinazomeguka. Pana mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, na jina linajieleza. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Kivinje Hasan bin Omari Makunganya, aliyewapinga kwa silaha, hata watu wake wakaushambulia mji wenyewe mwaka 1894.

Shujaa? Ndiyo, alikufa akimpinga mkoloni. Lakini Makunganya alikuwa pia mfanyabiashara wa misafara, na watumwa walikuwamo katika biashara yake. Utawala wa Kijerumani ulimharibia nchi na ulimharibia soko, vyote viwili. Sasa tumweke wapi? Kwenye orodha ya mashujaa au kwenye ile nyingine?

Mimi natamani siku moja kuandika riwaya, na nakwambia mtu kama huyu hakai kwenye orodha. Na hayuko peke yake. Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwaka 1889 kwa kosa lile lile la kuwapinga Wajerumani, alikuwa na shamba la miwa na watumwa wa kulilima. Historia ya darasani iliwapa mstari mmoja mmoja: "aliongoza upinzani." Mstari ule ni kweli. Ila ni mfupi kuliko mtu.

Miaka 10 baada ya Makunganya, watu wa vilima vya Umatumbi, nyuma tu ya Kivinje, waling'oa pamba ya Mjerumani na kuanzisha vita vya Maji Maji. Wakulima, watu wa bara ile ile iliyokuwa ikipitiwa na misafara ya mateka. Safari hii hawakupigania soko la mtu. Ukikaa Kivinje ukaviweka visa hivi viwili pamoja, ndipo utakapoona neno "sisi" linavyobeba watu wengi ambao hawakuwahi kukaa meza moja.

KWA NINI TUULIZE SASA

Utasema, kijana, ya kale hayanuki. Yananuka, ndugu yangu. Wajukuu wa aliyeuza na wajukuu wa aliyeuzwa leo wanapanda basi moja, wanaoana, wanazikana. Ni neema kubwa hiyo. Lakini bado kuna nyumba ambako neno "mtumwa" hutupwa kwenye ugomvi kama jiwe, na anayelitupa hajui kwamba huenda jiwe limetoka kwenye ukuta wake.

Tena mashahidi wanaanguka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, maana bahari ilikuwa inakula ufukwe na kuta zilikuwa zinaporomoka. Kazi ya kuyatengeneza ikafanyika, yakatolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Tushukuru. Lakini Unguja, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Barghash yule yule, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki. Jiwe la matumbawe halina subira. Likiachwa bila chokaa na paa, mvua hulirudisha kuwa mchanga, na swali lililoandikwa ndani yake hupotea nalo.

Basi nenda. Usingoje kuwa na pesa za mtalii. Nenda na wenzako watatu, mchange nauli. Msikilize anayekutembeza, kwa adabu, maana kazi yake ngumu na mshahara wake mdogo. Akimaliza kukusimulia habari za sultani, mwulize kwa upole: "Na waliobeba mawe haya, kaka, walikuwa wakina nani?" Akiwa na jibu, andika. Akikosa, mtafuteni jibu pamoja, kwani huenda bibi yake anajua kipande.

Ukisha kuuliza mara mbili, keti ufukweni utazame bahari kadiri unavyotaka. Ni nzuri kweli, sijasema isitazamwe. Iliwaleta akina Ali na nguo zao, na ikawapeleka wale elfu moja moja ambao hakuna aliyewachongea sarafu.